Msomaji Anauliza: Dada ana saratani ya titi, ni kweli tumnyime pweza na korosho kwa ajili ya protini zinazoshika madini?

SWALI, kutoka kwa mama wa watoto wawili, Mikindani:
Shikamoo dada. Nakusoma siku nyingi ila leo ndo naandika mara ya kwanza na naandika nikiwa sina raha kabisa. Dada yangu mkubwa, tumbo moja, mwezi wa pili amekutwa na saratani ya titi la kushoto, alikatwa kinyama cha kupima majibu yakaja, sasa hivi anapata dripu ya dawa za saratani Dar na yuko mzunguko wa pili, akimaliza mzunguko anarudi huku kupumzika. Shida iko hapa nyumbani. Kijana wa mjomba anasoma chuo, alikuja likizo akatuambia amesoma kuna protini zinaitwa metalothionini zinashika madini ya zinki na shaba na zinakuza saratani ya titi, basi toka siku hiyo wakubwa wamemkataza dada kila chenye madini, pweza hapana, chaza hapana, dagaa hapana, nyama hapana, mpaka korosho ambazo ni za shamba letu wenyewe. Anakula uji mweupe, wali na mchicha. Amepungua hadi kanga inamzunguka mara mbili na inabaki. Na yeye mwenyewe amekubali, anasema bora nishinde njaa kuliko niulishe ugonjwa. Kijana kasema kweli? Na hizo protini ni kitu gani hasa?

JIBU:
Marahaba mdogo wangu, poleni sana, na mpe dada pole yangu. Jibu natanguliza halafu maelezo yafuate, maana hili halisubiri: mrudishieni dada chakula chake leo hii. Kijana hajadanganya, alichokisoma kipo kweli, ila toka alichokisoma mpaka kwenye sahani ya dada hapo katikati pana bahari nzima na nyie mmeivuka kwa hatua moja.

Tuanze na pweza mwenyewe maana ndo mmemkataza wa kwanza. We wa Mikindani lazima umeshaona wakina mama wanavyoshuka na vijiti wakati wa bamvua maji yakitoka, wakamtoa pweza kwenye shimo lake. Akipasuliwa akiwa mbichi kabisa, yale maji yake yana ubuluu kwa mbali, siyo mekundu kama damu ya kuku. Ule ubuluu ni shaba. Pweza anasafirisha hewa mwilini kwa protini iliyoshika shaba, sisi tunasafirisha kwa protini iliyoshika chuma, ndo maana yetu nyekundu. Kwa hiyo protini ya kushika madini siyo kitu cha saratani, ni kitu cha uhai. Unavyosoma hapa unavuta pumzi kwa sababu yake.

Sasa metalothionini. Hii ni protini fupi sana, viungo vyake vya amino asidi ni sitini na kidogo tu, ila kati ya hivyo 20 ni sisteini, na kila sisteini ina salfa yake, na salfa inang'ang'ania madini kama kupe. Protini moja inabeba zinki saba kwa pamoja. Iligunduliwa mwaka 1957 na Margoshes na Vallee kule Marekani kwenye figo ya farasi, walikuwa wanatafuta protini inayoshika kadimiamu, ambayo ni madini ya sumu, wakaikuta hii. Kazi yake kwenye mwili mzima wa afya ni kama ile ya mama anayeshika funguo za stoo, zinki ikizidi anaiweka, seli ikihitaji anaitoa, kadimiamu ikiingia anaifungia, na zile kemikali kali zinazounguza seli anazipokea yeye kwanza.

Kwenye titi zima, yaani lisilo na ugonjwa, protini hii inaonekana zaidi kwenye zile seli za nje ya mfereji wa maziwa, zile zinazokaza kusukuma maziwa mtoto akinyonya. Mimi nimefanya kazi miaka kwenye maabara ya kupaka rangi vinyama, na hiki ni kitu unakiona kwa macho. Ukitumia rangi ya kutafuta metalothionini, kwenye titi zima unaona mstari mwembamba wa kahawia umezunguka mfereji kama ukindo ulioshonewa pembeni ya mkeka. Kwenye saratani ya mifereji iliyokwisha kusambaa kuingia kwenye nyama ya titi, ule mstari umevunjika na mara nyingine kahawia imejaa ndani ya seli zenyewe za saratani. Tafiti nyingi zimekuta kahawia ikijaa sana mara nyingi uvimbe unakuwa wa daraja la juu, yaani mkali, na hali ya mgonjwa mbele ya safari inakuwa ngumu zaidi. Hapo ndo kijana alipopasoma.

Kwa nini seli ya saratani inaitaka? Kwa sababu ina haraka. Seli inayogawanyika kila mara inahitaji zinki kila mara, na metalothionini inaipa karibu. Kuna aina yake moja, MT-2A, watafiti waliipunguza kwenye seli za saratani ya titi zilizofugwa maabara, zile seli zikakwama kwenye hatua ya mwanzo kabla ya kugawanyika. Halafu inailinda seli isife hata pale inapostahili kufa, na baadhi ya dawa za dripu inazipunguza makali, sisiplatini kwa mfano yenyewe ina madini ya platinamu katikati, metalothionini inaikamata kama inavyokamata kadimiamu. Yaani mlinzi wa stoo amehamia kwa mwizi na anafanya kazi ileile aliyokuwa anaifanya, anatunza, anagawa, anakinga.

Na haiko peke yake mdogo wangu. Kuna protini ya kwenye ngozi ya seli inaitwa ZIP6, huo ni mlango wa kuingizia zinki, na kwenye seli za saratani ya titi zinazoendeshwa na homoni ya estrojeni, estrojeni yenyewe ndo inaamuru mlango huo uongezwe, ndo maana zinki inapimwa nyingi ndani ya uvimbe kuliko kwenye nyama nzima iliyo jirani yake. Kwenye chuma ni hivyohivyo, seli ya saratani inaongeza vipokezi vya kuingizia chuma kinacholetwa na transferini, protini inayobeba chuma kwenye damu, na feropotini, ambao ni mlango wa kutolea chuma, inaupunguza. Wanaoingiza wengi, anayetoa mmoja na amelala. Chuma hicho kinatumika kutengenezea DNA mpya kila seli inapogawanyika. Halafu vipo vimeng'enya vyenye zinki vinavyokata kolajeni, ule ukuta unaoshikilia nyama ya titi, hivyo ndo vinaifungulia saratani njia ya kutoka, na kingine chenye shaba kinachokaza nyuzi za kolajeni mpaka uvimbe unakuwa mgumu ukiugusa.

Sasa nisikilize hapa vizuri maana hapa ndo familia yenu ilipoteleza.

Protini zinazoshika madini hazipo upande wa adui tu. BRCA1 umeisikia, ile ambayo ikiharibika toka kuzaliwa wanawake wa ukoo mmoja wanapata saratani ya titi na ya ovari, hiyo kazi yake ni kukarabati DNA iliyokatika, na ncha yake moja imesimama kwa zinki mbili. Sisteini moja tu pale namba 61 ikibadilika, ile ncha haishiki tena zinki sawasawa, na mlinzi anakuwa hana kazi. Protini ya p53 inayoiamuru seli iliyoharibika ijiue, nayo imeshika zinki. Na kile kipokezi cha estrojeni ambacho dawa ya tamoksifeni inakikalia, kinaikamata DNA kwa vidole viwili na kila kidole kimenyooshwa na zinki moja. Mlinzi anatumia zinki, adui anatumia zinki, na seli za damu ambazo dripu inaziangusha kila mzunguko zinahitaji zinki na chuma na shaba na protini ili zisimame tena. Ukimnyima dada pweza, uvimbe una milango mingi ya kujichukulia hata kile kidogo kilichopo kwenye damu, wa kwanza kukosa ni yeye siyo uvimbe. Uvimbe hauli kwenye sahani, unakula kwenye damu, na damu inapangiwa viwango vyake na ini na utumbo.

Na huo mchicha mliomwachia una chuma, mmejua? Na wali una zinki. Hakuna chakula kisicho na madini, ukitaka kuyakwepa yote labda unywe maji ya mvua.

Kupungua uzito namna hiyo katikati ya dripu kunanitia hofu kuliko metalothionini yoyote, na nasema hivi nikimaanisha. Mgonjwa akidhoofu chembe nyeupe zikashuka, daktari anaahirisha dripu au anapunguza dozi, na saratani ndo inapata muda iliyokuwa inautaka. Mwambieni daktari au muuguzi wa kule Dar kwamba amekonda na kwa nini amekonda, msione aibu, watampima damu na uzito. Nyumbani mpeni kidogokidogo mara nyingi, mchuzi wa dagaa waliosagwa uingie kwenye uji, korosho zitwangwe ziwe laini zichanganywe na uji pia, gramu 100 za korosho zina zinki karibu miligramu 6 na mafuta ya kumpa nguvu, pweza achemshwe mpaka alainike, yai, samaki, kunde, tui la nazi. Kitu kimoja tu nakataza kipindi hiki: chaza na vyakula vya baharini vibichi au vilivyoiva nusu, siyo kwa ajili ya zinki, ni kwa ajili ya vijidudu maana kinga yake iko chini. Matunda yaoshwe kwa maji safi. Kama kwenye familia kuna mtu anamshauri dada kijiglasi cha uraka au gongo ya mabibo eti kiamshe hamu ya kula, hicho ndo kikatazwe kwa nguvu zote mlizotumia kukataza pweza, pombe inajulikana wazi kwamba inaongeza hatari ya saratani ya titi.

Kijana msimgombeze. Mwambieni aendelee kusoma, amegusa kitu ambacho watafiti wakubwa wanakihangaikia, ila akirudi likizo akae na dada ampikie.

SWALI, kutoka Lindi mjini:
Dada habari. Mi nilipasuliwa titi mwaka juzi nikamaliza na mionzi, namshukuru Mungu niko vizuri. Jirani yangu anauza dawa za lishe, kaniambia ninywe vidonge vya zinki kila siku viwili viwili kuongeza kinga, na mwingine hapo sokoni anauza unga wa kutoa madini mwilini, anasema wagonjwa wa titi wote wana madini yamezidi. Mmoja anasema niongeze mwingine anasema nitoe, nimfuate nani?

JIBU:
Usimfuate hata mmoja mama yangu, na hongera sana kwa kuvuka.

Zinki nyingi isiyo na sababu ina ujanja wake mbaya na ni ileile metalothionini. Ukinywa zinki nyingi kila siku, ukuta wa utumbo unatengeneza metalothionini nyingi, sasa hiyo protini inaipenda shaba kuliko zinki, kwa hiyo shaba ya chakula ikipita inakamatwa palepale ukutani na seli za utumbo zikibanduka zinatoka nayo chooni. Miezi ikipita mtu anapungukiwa shaba, damu inashuka, chembe nyeupe zinashuka, miguu inakufa ganzi, na yeye anasema ninakunywa dawa ya kinga. Kiwango cha juu kwa mtu mzima kimewekwa miligramu 40 kwa siku kwa jumla. Vile vidonge vya zinki tunavyowapa watoto wakiharisha vina miligramu 20 na ni vya siku 10 hadi 14 basi, havikutengenezwa kwa kumeza mwaka mzima. Kama daktari amekupima akakuta umepungukiwa hiyo ni habari nyingine.

Huo unga wa kutoa madini ndo kabisa usiuguse. Dawa za kweli za kunasa madini zipo, zinatumika hospitali kwa mtu aliyekula sumu ya risasi kwa mfano, na ukikosea zinavuta hata kalsiamu mpaka moyo unayumba. Unga wa sokoni haujui kuchagua kipi cha uvimbe kipi cha moyo. Ila nikupe na la matumaini: kupunguza shaba kwa wagonjwa wa saratani ya titi ni jambo lililojaribiwa kitaalamu, New York walitumia dawa ya tetrathiomolibdati kwa wagonjwa 75 waliokuwa kwenye hatari kubwa ya ugonjwa kurudi, wazo lao ni kwamba seli za saratani zikienda kuhamia kwingine zinahitaji shaba ya kujengea makazi. Angalia walivyofanya lakini, kila mara wanapima seruloplasmini, protini inayobeba shaba kwenye damu, wakiona imeshuka kupita wanapotaka wanapunguza dawa. Huyo wa sokoni anakupima na nini?

Kliniki yako ya marudio usikose, na hilo titi lililobaki na kovu lenyewe ukiona kidude kipya, ngozi kuwa kama ganda la chungwa au chuchu kuingia ndani, usisubiri tarehe.

SWALI, kutoka Tandahimba:
Mi ni mwanaume mkulima wa korosho. Mke wangu amesikia salfa inakaa ndani ya hizo protini za saratani, sasa ananiambia tuache kupuliza salfa, na mikorosho ikiota ubwiriunga tutakula nini? Salfa inaleta saratani ya titi?

JIBU:
Kaka, salfa ya unga tunayopuliza kwenye mikorosho haimo kwenye visababishi vinavyojulikana vya saratani ya titi, na siyo madini ya aina ya zinki wala chuma. Salfa iliyomo ndani ya sisteini tunaipata kwenye chakula, kwenye mayai, samaki, kunde, mwili hautengenezi protini kwa kunusa vumbi la shambani. Ila mkeo hana kosa kuogopa lile vumbi, linawasha macho, linakausha koo, na mwenye pumu linambana vibaya. Funga pua na mdomo kwa barakoa, vaa miwani na mikono mirefu, puliza alfajiri umande ukiwepo na upepo umetulia, simama upepo ukiwa mgongoni, na nguo za kupulizia zisifuliwe beseni moja na za mtoto.

Kama unavuta sigara hapo ndo nataka tuongee. Mmea wa tumbaku unaivuta kadimiamu toka ardhini vizuri sana, inaingia na moshi, mwili unaifunga ndani ya metalothionini kwenye figo na inakaa humo miaka na miaka. Kadimiamu ipo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, hasa ya mapafu, na maabara wameiona ikikigusa kipokezi cha estrojeni ikijifanya estrojeni. Na moshi wako anauvuta na mama watoto.

Wewe mwenyewe pia jipapase, saratani ya titi wanaume wanapata, wachache sana lakini wanapata na wanachelewa kwa sababu wanaona haya.

SWALI, kutoka Nachingwea:
Mama yangu ameambiwa ana uvimbe kwenye titi, wiki ijayo anaenda Mtwara hospitali ya kanda kukatwa kinyama. Niombe wampime na metalothionini?

JIBU:
Hapana mwanangu, hicho bado ni kipimo cha watafiti, hakiamui dawa ya mama. Kuna vitatu vinavyoamua na hivyo ndo uhakikishe vimeandikwa kwenye karatasi ya majibu: ER, PR na HER2. Viwili vya mwanzo vinasema kama uvimbe unaendeshwa na homoni, na hiyo ER ndo kilekile kipokezi chenye vidole vya zinki nilichomwelezea dada wa Mikindani, saratani za titi kama saba katika kumi zinacho, na zikiwa nacho vidonge kama tamoksifeni vinafanya kazi nzuri. HER2 ni kipokezi kingine cha juu ya seli, nacho kina dawa zake nyingine. Ukikuta karatasi imeandika saratani basi halafu ER haipo, mrudie daktari kwa heshima umuulize kinyama kitapelekwa wapi kupimwa hivyo vilivyobaki, na uulize lini, uandike tarehe. Nakala ya karatasi piga picha iwe kwenye simu yako na kwenye simu ya mtu mwingine wa nyumbani, maana akipelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, ndo kitu cha kwanza watakachoomba.

Mama asile kwa hofu hiyo wiki. Ale kama kawaida, na siku ya kwenda avae blauzi ya vifungo vya mbele, itamsaidia akitoka na bandeji.